Swali la Nyanya

Mwezi wa Juni 2019 nilikuwa darasa la saba, nyumbani kwetu Bwera. Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo, na mtoto mdogo aliyeonekana kuwa nayo akafariki. Tuliagizwa kunawa kwa sabuni na kutopeana mikono. Jioni moja nyanya yangu alirudi kutoka soko la Mpondwe, akaninyoshea mkono. Mimi nikauficha wangu mgongoni. Akauliza, "Mjukuu wangu, ni ugonjwa gani huu unaokataza watoto kuamkia wazee?" Sikuwa na jibu, nami niliona haya.

Baadaye, shuleni hapa Kasese, tulifundishwa habari za seli. Tulijikwangua ndani ya shavu, tukatia rangi ya buluu, tukatazama kwa hadubini. Niliona utando na kiini tu, maana sehemu nyingine ni ndogo mno kwa hadubini yetu. Basi nikazikariri kama kasuku: kiini hutunza maagizo ya urithi; mitokondria hutoa nguvu katika chakula; ribosomu huunda protini; lisosomu, iliyopewa jina na Christian de Duve wa Ubelgiji mwaka 1955, ni kama tumbo, humeng'enya taka na wadudu walioingia.

Siku niliposoma jinsi virusi vya Ebola viingiavyo, ukasuku ulinitoka. Kumbe havivunji ukuta! Seli yenyewe huvimeza katika kifuko, ikavipeleka upande wa lisosomu ili viangamizwe. Vimeng'enya vya humo huvikata ganda la nje, na kukatwa huko ndiko kunakovipa ufunguo. Ukutani mwa kifuko mna protini iitwayo NPC1, ambayo kazi yake ni kupitisha kolesteroli. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba virusi hushika protini hiyo hiyo ili kupenya. Vikishapenya, ribosomu zetu huviundia protini kwa bidii, kama mtumishi asiyemjua bwana wake. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Na sabuni je? Virusi hivyo vimevaa joho la mafuta lililoibwa katika utando wa seli. Sabuni hulirarua joho hilo, navyo haviwezi tena kuingia.

Likizo iliyopita nilimweleza nyanya haya yote, naye akimenya mihogo. Seli nikaiita nyumba, na lisosomu nikaiita jiko. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe siku ile hukunikataa mimi." Akafuta mkono wake kwa kanga, akaninyoshea. Nikaupokea kwa mikono miwili.

Wenzangu wa madarasa ya chini, msidhani michoro ile ya seli ni ya mtihani tu. Huenda nyumbani kwenu yuko mzee anayengoja jibu.