Mfuko wa Jamaa Inayotafuta Pamoja

Siku ya Dominika, Misa Takatifu ikiisha, jamaa nyingi za Kikristu hutawanyika kama kuku waliofunguliwa bandani. Baba huelekea kwa rafiki zake, mama hurudi jikoni, na watoto huinamia simu. Jioni wote hulala chini ya bati moja, wala hawana neno la kusimuliana. Sisi walimu twaona matunda yake darasani. Mtoto ambaye baba yake humlipia karo bila kukosa, akiambiwa aandike habari za baba huyo, hupata mistari miwili tu, kisha hutafuna kalamu.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, twataka kuwaeleza mchezo mmoja unaoiweka jamaa nzima katika njia moja. Asili yake ni Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya nchi ile iliondoa kizuizi kilichopunguza kwa makusudi usahihi wa mitambo yake ya angani, ile imwonyeshayo mtu mahali alipo duniani. Kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi porini karibu na mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, akawatangazia wengine kwa intaneti namba za mahali pale. Ndani alitia daftari, kalamu na vitu vingine; na sharti lilikuwa kwamba atwaaye kitu aache kitu. Mchezo huo, uitwao jiokashingi, umeenea katika nchi nyingi, na leo visanduku vilivyofichwa hivyo vimepita milioni 3.

Namba hizo si uganga. Kila mahali duniani pana namba mbili: moja yaonyesha umbali wake kutoka ikweta, upande wa kusini au kaskazini, nyingine yaonyesha upande wa mashariki au magharibi. Mji wa Lubumbashi uko karibu na digrii 11 na dakika 40 kusini, na digrii 27 na dakika 29 mashariki. Dakika moja kuelekea kusini ni kama mita 1,850. Wachezaji huigawa tena katika sehemu 1,000, hata kila sehemu haifiki mita 2. Lakini simu yenyewe hukosea mita kadhaa, zaidi chini ya miti mingi. Basi namba hukufikisha karibu tu. Kazi iliyobaki ni ya macho na akili. Hapo mtoto aliyechukia jiografia huanza kuipenda.

Mfuko wetu wa nyumbani ni mfuko wa shule wa zamani, ulioshonwa kamba mpya. Mna humo simu moja tu, batri yake imejaa, na karatasi yenye namba zilezile, kwa maana simu huzimika. Mna dira, daftari dogo na kalamu ya risasi. Wino hauufai mchezo huu, kwani ukilowa huenea na majina hayasomeki. Mna kijaluba cha vitu vya kubadilishana: gololi, vifungo, picha ndogo. Mna maji safi ya kunywa, sabuni, plasta na kitambaa cha kufungia kidonda, firimbi ya kumwita aliyepotea, na mfuko mtupu wa kutilia takataka tuzikutazo njiani. Fimbo huchukuliwa mkononi. Mtu yeyote asitie mkono katika tundu la mti wala ufa wa kichuguu kabla ya kupekua kwa fimbo, maana nyoka naye ana nyumba yake.

Tena, kila mtu awe na kazi yake. Mkubwa asome namba, wa pili ashike dira, mdogo alinde firimbi, mama atoe shauri la kurudi jua likizidi, na baba abebe mfuko. Ndiyo, baba abebe mfuko na aongozwe na mwanawe. Heshima yake haitapungua hata kidogo.

Kama karibu na kwenu hakuna kisanduku, jamaa mbili na zifichiane. Twaeni mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kubana, mtie daftari na vitu vichache. Msitie chakula, kwani wanyama watautoboa. Wala kisu, wala kiberiti, wala dawa, wala pombe. Msiufukie ardhini, bali uwekeni chini ya mawe au kando ya kisiki, nanyi mwombe kwanza ruhusa ya mwenye shamba. Msiuweke karibu na reli, daraja au nyumba ya serikali, watu wasije wakaudhania bomu.

Lakini kwetu kuna neno zito kuliko hayo. Kitu kilichofichwa porini huleta maneno ya uchawi, na maneno hayo yamewaumiza wengi, hata watoto wasio na kosa. Kwa hiyo msitie mifupa, nywele, hirizi wala mwanasesere. Andikeni juu ya mkebe, kwa herufi kubwa, kwamba ni mchezo wa jamaa, na mkawape habari mkuu wa mtaa na majirani. Tena, katika mikoa ya mashariki ambako vita vimeacha mabomu na risasi ardhini, mchezo huu usivuke kamwe ua wa parokia au wa shule, nao watoto wafundishwe kutokugusa chuma wasichokijua.

Faida kubwa ya mchezo huu tuliiona kwa mtoto wetu wa pili. Siku moja aliutangulia umati wetu, akaufikia peke yake mkebe uliofichwa na jirani zetu. Ndani mlikuwa na gololi kubwa ya buluu. Sisi tulikuwa bado nyuma ya kichuguu, twamwona, naye hakutuona. Akaishika gololi, akaigeuza juani, akapekua mifuko yake. Alikuwa na kifungo kimoja kilichopasuka. Akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu, kisha akairudisha gololi, akaandika jina lake daftarini, akafunika. Tulipofika hatukumwambia neno. Usiku mama yake alimwuliza kwa nini hakuitwaa. Akajibu: «Kifungo changu hakikutosha.»

Ndugu wazazi, nchi yetu ina njaa ya watu wa namna hiyo: karani asiyetwaa lisilo lake, ijapokuwa mlango umefungwa, mwalimu asiyeuza alama. Shuleni twaweza kuwasimamia watoto kwa daftari ya adhabu, lakini hapo ni macho yetu yanayowazuia. Uaminifu wa kweli huanza pale ambapo mtoto adhani kwamba hakuna amwonaye ila Mungu, na kisanduku kile ni shule ndogo ya jambo hilo.

Wengine watasema: «Mtu mzima atafutaje kopo majanini kama mtoto?» Hao na wakumbuke Evanjili ya Mtakatifu Luka. Yezu alipobaki Yeruzalemu akiwa na miaka 12, Yosefu hakumwachia Maria kazi ya kumtafuta, wala Maria hakumwachia Yosefu. Walirudi njia ile wote wawili, hata siku ya tatu wakamkuta hekaluni.

Basi Dominika ijayo, simu ya kila mtu na ibaki nyumbani, isipokuwa ile moja. Shoneni kamba za mfuko, chongeni kalamu ya risasi, mjaze maji. Mzee wa nyumba aubebe mgongoni, na mdogo kuliko wote atangulie na firimbi yake.