Mchanga wa Lualaba

Nilipokuwa mtoto kwetu Kibombo, mchezo mkubwa wa kiangazi ulikuwa mtoni. Mto Lualaba ukipungua, mchanga hutokea, nasi tulicheza mpira wa matambara hapo mpaka jua kuchwa.

Mwaka mmoja mvua zilikoma mwezi wa Juni, lakini mchanga haukuonekana. Tulichoka kungoja. Rafiki yangu akasema, "Mimi napajua mahali pake," akaingia majini. Hatua tano, maji yakamfika kifuani. Hatua ya sita hakukanyaga kitu. Mkondo ukamchukua. Kwa bahati babu yangu alikuwa akitega nyavu karibu. Akamnyoshea upondo wa mtumbwi, naye akaukamata.

Tulidhani tutapigwa. Babu akatukalisha, akasema, "Wajukuu wangu, maji haya si ya mvua ya Kibombo tu. Yanatoka Katanga, tena njiani yanakawia katika maziwa na vinamasi vya Upemba. Huku kukikauka, ya kule bado yanakuja."

Baadaye nilijifunza shuleni kwamba juu zaidi, karibu na Kolwezi, mto ulizuiwa mwaka 1952 kwa ukuta wa Nzilo, likatokea ziwa. Kule watu huyaachilia maji kwa kadiri ya haja ya umeme. Kwetu hapana mlango wa kufunga wala kufungua.

Basi babu alichomeka kijiti majini karibu na ukingo. Kila asubuhi tulikimbia kukitazama. Mwezi wa Agosti kikasimama pakavu, na yule rafiki yangu akawa wa kwanza kuingia mtumbwini.