Safari ya Kufuata Noah

Dodoma, mwisho wa Januari

Dada mpendwa,

Najua ule ujumbe wa usiku, "tumefika salama, gari liko uani", haukukutosha. Ulinipigia asubuhi yake ukaniambia nikae chini nikuandikie yote tangu mwanzo, kwa kuwa zamu yako ya kununua inakuja. Basi watoto wamelala, chai iko mezani, naandika.

Nianze na kamba. Siku mbili kabla sijaondoka nilimwomba Mama apande kigoda cha jikoni, kisha kile kiti kifupi cha barazani. Kigoda alikipanda mwenyewe. Kwenye kiti alinishika bega, akauma meno. Nikachukua kipande cha manila, nikapima kutoka sakafuni hadi juu ya kigoda, nikakata, nikatia mfukoni. Gari lolote ambalo sakafu yake ya mlangoni ingezidi kamba ile halikuwa letu, hata lingekuwa zuri namna gani. Unajua tangu nyonga ianze kumsumbua kliniki tunampeleka kwa bajaji, na tulipokwenda kuzika Kondoa alipandishwa basi na watu wawili huku watu wakitazama. Sikutaka aone vile tena. Ndiyo sababu niling'ang'ania Toyota Noah: mlango wa kusukuma, sakafu ya chini, nafasi za watu wanane.

Uliniuliza mwezi wa kumi na moja kwa nini sinunui wakati fedha ipo. Jibu ni hili: Desemba gari halinunuliwi. Dar nzima inakuwa inajiandaa kwenda nyumbani, Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Bukoba, na kila mwenye familia anataka gari la watu saba au wanane kabla ya Krismasi. Mwenye gari anajua hivyo, na dalali anajua zaidi yake. Subiri watu warudi. Wakirudi wanakuta ada, sare, kodi ya nyumba na mtoto wa kidato cha kwanza aliyeandikiwa orodha ya vitu kurasa mbili. Hapo mwenye magari mawili anaanza kutazama lipi liende. Mimi niliweka wiki ya pili ya Januari, na katika fedha zote nilizookoa safari hii, nyingi niliziokoa kwa kungoja hizo wiki sita.

Wazo la kuagiza Japani nililifikiria pia, na wewe huenda likakufaa kwa sababu huna haraka. Ila piga hesabu yote: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi cc 2000, VAT asilimia 18, na gari likishapita miaka kumi unaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 30. Halafu mamlaka ya mapato, TRA, hawaangalii risiti yako ya ununuzi peke yake, wana thamani yao kwenye mfumo, nayo unaweza kuitazama mtandaoni kabla hujatuma hata senti. Ukiamua njia hiyo, tafuta kuanzia mwezi wa tatu. Kule Japani kodi ya mwaka ya gari hudaiwa kwa yule anayelimiliki tarehe 1 Aprili, kwa hiyo wengi hutaka kuachana na gari kuukuu kabla ya siku hiyo. Mimi sikuweza kusubiri meli. Mama ana kliniki kila wiki mbili.

Nilishuka Dar kwa treni ya umeme, nauli shilingi 31,000. Dada, siku ukija huku panda treni hiyo mchana, ukae dirishani. Mvua zimenyesha vizuri mwaka huu, na kuanzia milima ya Kilosa, kule inakopita kwenye mahandaki, nchi yote ni kijani kibichi. Mzee mmoja pembeni yangu, aliyewahi kusafiri njia hiyo kwa treni ya zamani, kila tukitoka handakini alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini.

Gari la kwanza lilikuwa Tabata. Dalali alikuwa ameniambia kwenye simu maneno yale yote: limenyooka, injini haijaguswa, kupanda na kuondoka, maongezi yapo. Kwa macho lilikuwa linang'aa kuliko yote niliyoona wiki ile. Kabla sijauliza bei alishataka laki tano ya kishika uchumba, eti kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Mbagala. Nilikuwa nimekwenda na fundi kutoka Gerezani, kijana mtulivu ambaye ananyoosha maneno yake kama anavyonyoosha bodi. Hakufungua boneti. Aliingia kiti cha nyuma, akaushika mkanda wa abiria, akauvuta taratibu hadi mwisho kabisa, pale ambapo mtu wa kawaida haufikishi. Mkanda ulikuwa mweusi safi, mweusi safi, halafu kwenye shubiri ya mwisho ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Akaukwaruza kwa ukucha, vumbi la tope likadondoka kwenye suruali yake. Kisha akanionyesha bolti zinazoshika viti chini: kutu nyekundu. "Bro, hili limelala kwenye maji," akasema. Gari lilikuwa limezama mafurikoni, likaoshwa, likapulizwa manukato, likawekwa sokoni kwa ajili ya familia ya mtu. Nilikasirika, na hadi leo nikikumbuka nakasirika. Waya za gari la namna hiyo zinaoza kimyakimya, nalo linaweza kukuzimikia usiku na watoto ndani. Tulimuaga dalali, tukaondoka. Mkanda, dada. Vuta mkanda hadi mwisho.

Yadi za Kinondoni sitakuchosha nazo. Magari mazuri, bei za watu wasio na shida ya kuuza.

Hili letu nililipata bila dalali, kupitia mke wa rafiki yangu: baba mmoja wa Mbezi ametoka Moshi na familia, ana watoto wawili wanaoingia sekondari mwaka huu, na nyumbani kuna Noah na gari dogo. Noah ya 2011, aina ya ZRR70, injini ya 3ZR, cc 1986, usajili wa namba D. Tulifika saa mbili asubuhi kwa makusudi, injini ikiwa bado baridi. Nilipowasha, sauti ya mwanamke ikazungumza Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Mwenye gari akasema ndivyo linavyosalimia kila siku tangu lishuke bandarini, na watoto wake wameshaikariri.

Fundi alilala chini robo saa nzima. Mimi nilikuwa na kazi moja: kutafuta umri wa kweli. Mita ilisema kilomita 118,000, na mita zinarudishwa nyuma, kila mtu anajua. Lakini nilipofungua mlango wa dereva nikakuta kwenye nguzo ya bodi kile kistika cha Kijapani cha kubadili oili, kimekunjamana ila kinasomeka: Heisei mwaka wa 30, yaani 2018, kilomita 71,400. Hapo nikapata moyo. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika kiasi kinacholingana na safari hiyo. Matairi nayo yana tarehe zake, soma zile tarakimu nne ubavuni. Yale yaliandikwa 2218, wiki ya 22 ya mwaka 2018, na mpira ulikuwa umeanza kupasuka nyufa ndogondogo kama udongo wa Dodoma mwezi wa kumi. Nikalinganisha namba ya chasisi na kadi, herufi kwa herufi. Kwa simu nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi: faini mbili hazijalipwa, 60,000. Kisha nikatoa kamba mfukoni. Mwenye gari alinitazama nikiipima kwenye kizingiti cha mlango. Kamba ilizidi kizingiti kwa upana wa vidole viwili.

Sasa kuhusu bei, nisikilize vizuri. Kwenye simu sikuuliza "bei ya mwisho ngapi". Ukiuliza hivyo kabla hujaliona gari, atakutajia namba yoyote, na ukifika hiyo ndiyo inakuwa bei ya kuanzia. Mimi nilisubiri hadi tumemaliza kukagua, tukakaa barazani, nikanywa maji. Alitaka milioni 19 na nusu. Sikusema ni ghali, na sikulisema vibaya gari la mtu mbele ya mke wake. Nilimpa karatasi aliyoandika fundi: matairi manne, shokapu ya mbele kulia, oili ya giaboksi, zile faini, jumla milioni moja na laki nne na ushee. Nikamwambia, "Mzee, gari nimelipenda. Nina milioni 16 na nusu, na naweza kuhamisha leo tukiwa wote benki." Nikanyamaza.

Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Feni ilizunguka. Akaenda ndani kuongea na mke wake, akarudi na 18. Nikasema 17. Akaniambia kwa upole kwamba shule inafungua Jumatatu, na hapo, dada, nikajua kwamba ningeweza kuondoka, nikazima simu hadi Ijumaa, na angenipa kwa 16. Sikufanya hivyo. Januari iliyonisaidia mimi ndiyo iliyokuwa inambana yeye, na watoto wake walikuwa wanapita pale barazani na sare mpya mkononi. Kupata bei nzuri ni haki ya mnunuzi, lakini kuna mahali inageuka kuwa kumkamua mtu. Tulifungia milioni 17 na laki mbili, faini akazilipa yeye palepale kwa simu. Alinipa na mazulia ya ndani aliyokuwa ameyahifadhi, na ufunguo wa pili.

Mkataba tuliuandika kwa wakili, malipo benki kwa benki, hakuna noti hata moja iliyopita mkononi. Kadi, nakala za vitambulisho na namba za mlipakodi za wote wawili tulizipeleka TRA siku hiyohiyo. Usikubali ile "utahamisha baadaye". Umiliki usipohamishwa, madeni yake yanakufuata wewe na makosa yako yanamfuata yeye.

Kurudi niliondoka saa kumi na moja alfajiri, nikawa nimeivuka Kibaha kabla ya foleni. Chalinze chai na maandazi, Morogoro nikatia mafuta. Kila kijiji mwendo 50, sikuzidisha, maana askari wana tochi na faini ni 30,000. Dumila nikanunua nyanya. Kipande nilichokingoja ni kile cha kupanda Gairo, kwa kuwa giaboksi mbovu inajisema kwenye mlima. Nilizima redio nikasikiliza. Ilipanda kwa sauti moja tu, laini, hadi juu kwenye baridi. Kibaigwa malori ya mahindi yalikuwa yamejipanga, na saa tisa na nusu nikauona mji.

Mama alikuwa barazani na fimbo yake. Watoto walitaka kuingia, akawaambia wangoje. Nikausukuma mlango. Akaweka fimbo ndani kwanza, akashika mpini, akainua mguu, akapanda peke yake, akakaa nyuma ya dereva akanyoosha khanga magotini. Nikawasha gari tuzunguke mtaa. Ile sauti ya Kijapani ikasalimia.

"Marahaba, mwanangu," Mama akaitikia.

Mdogo wako