Njia Iliyopoteza Mwanzo

Vinyago vya bonde la Lötschental havikuchongwa ili vipendeze. Mdomo umepinda, meno yametokeza nje, mara nyingine ni meno ya ng'ombe kabisa, na macho ni matundu mawili yasiyolingana. Vinachongwa kwa mti wa jamii ya msonobari unaoota juu milimani. Anayevaa kinyago hujifunika ngozi za mbuzi na kondoo mwili mzima, akafunga kengele ya ng'ombe kiunoni. Huitwa Tschäggättä. Kuanzia Februari 2 hadi Jumatano ya Majivu inapokaribia, hutembea vijijini, na wakikukuta njiani wanakusugua uso kwa theluji. Zamani ilikuwa kazi ya vijana wasiooa tu.

Bonde hilo liko jimbo la Valais, Uswisi, na lina vijiji vinne kando ya mto Lonza: Ferden, Kippel, Wiler na Blatten. Usiku wa Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, wenye vinyago walikuwa wakishuka kwa kishindo kutoka Blatten, kijiji cha juu kabisa, mpaka Ferden.

Mei 28, 2025, alasiri, Blatten ilifukiwa.

Miamba ya mlima Kleines Nesthorn ilikuwa imeporomokea kwa siku kadhaa juu ya barafuto la Birch, ile barafu nene ya kudumu iliyoning'inia ubavuni mwa mlima, hadi ikazidiwa na mzigo ikaporomoka. Wakazi kama 300 walikwisha kuhamishwa tangu Mei 19, pamoja na mifugo yao. Ng'ombe mmoja aliyeumia alibebwa kwa helikopta. Mwanamume mmoja wa miaka 64 alifariki. Kanisa liliangamia. Mto nao, ulipozibwa na kifusi, ulifurika ukazamisha nyumba zilizokuwa zimenusurika.

Afadhali watu wamepona, ndivyo wengi tulivyosema, na shukrani hiyo ni ya haki. Naomba tu isiwe njia ya kuwanyamazisha waliofiwa na kijiji chao. Msiba usio na jeneza hatujui tuukalie matanga vipi. Mtu aliyepoteza nyumba ya babu yake, kanisa alimobatizwa na njia aliyopita kila siku anaambiwa ashukuru, basi anashukuru, na kilio chake anakimeza.

Nayawaza pia maghala yao. Katika Valais ghala la nafaka lilijengwa kwa magogo ambayo jua liliyachoma mpaka yakawa meusi. Liliinuliwa juu ya nguzo fupi, na juu ya kila nguzo lililazwa bamba la jiwe la mviringo, pana kuliko nguzo yenyewe. Panya akipanda anagonga kichwa kwenye jiwe na kurudi chini. Ghala moja liliweza kuwa mali ya familia kadhaa, kila moja na fungu lake ililorithi. Ujirani wao uliandikwa ndani ya jengo: fungu la nani liko wapi, nani anapita wapi kulifikia.

Mwaka 1900 moto uliteketeza Wiler, nao wakaijenga tena. Lakini moto huacha kiwanja. Asubuhi yake unaweza kusimama juu ya majivu ukasema hapa palikuwa jiko letu, na mpaka wa jirani ni pale. Blatten, sehemu kubwa ya ardhi yenyewe iko chini ya mamilioni ya mita za ujazo za mawe, matope na barafu.

Vinyago havitakosekana; vingine vimetunzwa kwenye makumbusho ya bonde hilo yaliyoko Kippel, na mikono ya kuchonga ingalipo. Wenyeji wamekusudia kujenga upya, na ninatamani kwa moyo wote wafanikiwe. Ila wazee wa Blatten hawana miaka mingi ya kusubiri. Wao ndio wanaojua kila kichochoro kilitokea wapi, na wenye vinyago walikusanyika mlango wa nani kabla ya kuanza kushuka. Mtu akae nao sasa, na karatasi kubwa mezani, wachore kijiji chao nyumba kwa nyumba.