Kipanga Katika Bustani za Uingereza

Majira ya baridi yanapoingia Uingereza, watu wengi hutundika karanga na mbegu za alizeti bustanini ili ndege wadogo wasife njaa. Ndege hukusanyika hapo tangu alfajiri. Na penye kundi, kipanga huja. Huruka chini kwa chini nyuma ya ua wa miti, kisha huuvuka ghafula na kunyakua. Dume hukamata ndege wadogo. Jike, aliye mkubwa zaidi, huweza kumwangusha hata njiwa. Lakini mara nyingi hukosa, akaenda zake mtupu.

Wenye bustani huona uchungu. Hata hivyo, iko habari ambayo yampasa kila mkulima kuijua. Katika miaka ya 1950 mbegu za ngano zilitiwa dawa ya wadudu iitwayo dieldrini kabla ya kupandwa. Ndege walizila mbegu, kipanga akawala ndege, sumu ikamzidi. Mashariki mwa nchi alikaribia kutoweka kabisa. Dawa hiyo ilipoanza kuzuiliwa, tangu 1962, alirudi polepole. Basi anayemwona leo bustanini ajue kwamba sumu ile imekwisha ondoka mashambani.