Kisumu Tunacheza Sana, Lakini Kila Mtu Peke Yake

Kabla mnirushie mawe: mimi ni wa Kisumu, na sijasema watu wa huku hawajui kucheza. Pita Kondele Jumamosi usiku. Ohangla ikianza, hata aliyekuja kuuza njugu anatingisha mabega. Kuna watu wanalipa hela mziki usimame kidogo wajisifu kwa pakruok, halafu mambo yaendelee. Hatuna shida ya mziki, wala ya viuno.

Shida yangu ni hii: tunacheza kando kando. Kila mtu anaangalia jukwaa, ama DJ, ama kamera ya simu. Ukitaka kujifunza dansi ya wawili, ile ya kushikana mikono na kusikilizana, ghafla mji mzima unanyamaza.

Najua kwa sababu nilitafuta. Nilikuwa nataka swing. Ndio, swing, dansi ya Wamarekani weusi. Nilikutana na kipande cha filamu ya 1941 inaitwa Hellzapoppin', wachezaji wanarushana hewani kama hawana mifupa, na kwa wiki nzima sikuangalia kitu kingine. Nikasoma. Aina hiyo ya swing inaitwa Lindy hop, na ilizaliwa Harlem, New York, mwishoni mwa miaka ya 1920. Nyumbani kwake kulikuwa Savoy, ukumbi uliofunguliwa 1926, ambapo weusi na weupe walicheza sakafu moja wakati kumbi nyingi za Marekani hazikutaka kabisa kusikia hiyo habari.

Sasa tafuta hiyo kitu Kisumu. Simu ilinipeleka Nairobi, kama kilomita 350. Nauli kwenda na kurudi, pa kulala, halafu somo la saa moja? Zi. Nikauliza jimu, nikaambiwa kuna zumba, wote mnaangalia kioo. Nikauliza vijana wa kikundi cha densi. Wako na vipaji, lakini wanajiandaa kwa mashindano, hawana muda wa mtu asiyejua mguu upi uanze. Mwisho nikaambiwa jaribu rumba, kuna klabu ina bendi Jumapili. Nikaenda na rafiki yangu.

Bendi ilikuwa safi. Lakini wimbo wa pili haujaisha, mwanaume nisiyemjua amenishika mkono ananivuta katikati. Nikakataa. Akaniuliza, "Sasa ulikuja kufanya nini?" Mlinzi aliona, akageukia upande mwingine.

Hilo swali ndilo limenifanya niandike. Nilikuja kucheza! Kwani msichana hawezi kuja kucheza tu, halafu aende nyumbani kwao? Huku kwetu, kijana akishikana mikono na mwingine kwenye mziki, watu wanajua maana mbili: wanatoka pamoja, ama mmoja anasumbuliwa. Na vijana wa kiume pia wanaumia hapo. Wengi wanaogopa hata kuomba, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha venye mtu anaomba bila kutisha, na venye anaambiwa "hapana" bila kuaibika.

Dansi ya kijamii, popote inapochezwa vizuri, iko na adabu zake. Unaomba. Anakubali ama anakataa, na kukataa si matusi. Mnacheza wimbo mmoja, labda miwili. Mnasema asante. Unaenda kwa mwingine, awe mkubwa, mdogo, mrefu ama mfupi. Darasani ndio kabisa, mnabadilishana kila dakika chache, ili usizoee mkono wa mtu mmoja. Unajifunza kumshika mtu kwa heshima na kumwachilia kwa heshima. Niambie ni shule gani ilikufundisha hiyo.

Lakini hapo hapo klabuni niliona jambo lingine. Mzee mmoja na mke wake, viatu vimepigwa rangi vinang'aa, wakicheza kama watu wawili wanaopiga story ya zamani. Hawakuangalia jukwaa hata mara moja. Nilipomsimulia auntie yangu, alicheka mpaka akakaa chini. "Kwani ulidhani dansi ililetwa na TikTok?" Kumbe ujana wake aliumalizia kwenye nyimbo za Super Mazembe na Franco. Tukasukuma meza ukutani, akanishika mkono, akasema, "Usihesabu. Sikiliza gitaa la chini."

Omera, hapo ndipo nilielewa nilikuwa natafuta mbali. Rumba ya Kongo iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, mnacheza mkiwa mmeshikana. Halafu magitaa yanaingia sebene, mnaachana, kila mmoja anaonyesha alicho nacho. Kwenye Lindy hop mnafanya jambo linalofanana: mnakaribiana, mnafunguka, kila mmoja anapata nafasi ya kuongeza yake, mnarudi. Dansi mbili, bahari kati yao, na mazungumzo yaleyale ya "tuko pamoja, sasa nionyeshe wewe ni nani."

Na hizi si bahati tu. Zote mbili ziko na mizizi ya Afrika. Watu wetu walivukishwa bahari kwa nguvu, mziki ukazaliwa upya Cuba na Marekani, halafu kuanzia miaka ya 1930 santuri za Kicuba zikarudi Afrika na kuwasha rumba ya Kongo. Ndiyo ile rumba ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa Desemba 2021. Umewahi kujiuliza mbona bendi za zamani zinaitwa jazz? OK Jazz ya Franco ilianzishwa 1956. Hapa ziwani kulikuwa na Shirati Jazz ya D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akawa mfalme wa benga upande huu. Walikuwa hawapigi swing. Lakini walijua jina hilo lina maana ya mziki wa kisasa, wa watu waliovaa vizuri kwenda kucheza.

Sasa mtu ataniambia, "Kisumu ni kudogo, hakuna walimu." Sikia hii. Frankie Manning, mmoja wa wale wanaorushana kwenye Hellzapoppin', alizaliwa 1914. Swing ilipopoteza soko, alienda kufanya kazi posta, akakaa huko kama miaka 30. Watu wakasahau. Miaka ya 1980, vijana wa Marekani na Sweden wakamtafuta wakamwambia, mzee, tufundishe. Alikuwa amepita miaka 70. Akawafundisha, akazunguka dunia akifundisha mpaka alipofariki 2009. Na kambi maarufu zaidi ya Lindy hop duniani, iliyoanza 1982, iko Herräng, kijiji cha Sweden. Kijiji! Hata tuktuk sidhani wako nayo.

Hiyo dansi ilifufuka kwa sababu vijana waliuliza. Je, Frankie Manning wa kwenu ni nani? Labda ni guka anayesinzia na redio. Labda ni mathe wa duka anayeyumba polepole akidhani hakuna anayemwona.

Sisi tulianza wanne, sasa tuko tisa. Jumapili saa tisa mchana, ukumbi wa kukodi, kila mtu mia moja, inatosha ukumbi na chai. Auntie anafundisha rumba saa ya kwanza. Saa ya pili tunajaribu hatua za swing kutoka kwa video, tunarudia mpaka simu inazima. Hakuna pombe. Saa kumi na mbili tumefunga, kila mtu anafika kwao kukiwa na mwanga. Jirani alidhani tumefungua kanisa jipya.

Ukitaka kuanzisha yako, chukua haya bure. Raba zenye meno kwenye sakafu ya simiti zitakumaliza magoti, kwa hivyo nenda Kibuye utafute mtumba wenye soli laini. Usianze na benga ya kasi. Anzeni na wimbo wa polepole ambao mnaweza kuongea juu yake. Wasichana wajifunze kuongoza na wavulana kufuata, angalau nusu ya muda, kila mmoja ajue upande wa pili unasikiaje. Na ile sheria ya "hapana" isemeni kwa sauti kila wiki, hata kama wote mnajuana.

Sina shida na wanaocheza mbele ya kamera, hata mimi napost. Lakini kamera haiwezi kukuuliza kama uko sawa, wala kupunguza hatua ikiona umechoka. Mtu anaweza. Jumapili hii muulize mzee mmoja nyumbani kwenu alikuwa anacheza nini akiwa na umri wako. Halafu simama, umpe mkono.