Feza ya likelemba na viza ya Korea

Juma lililopita, wakati wa mkutano, mama mmoja aliuliza kama ni kweli wanatafuta walimu wa Kiingereza kule Korea ya Kusini, na kama binti yake aliyemaliza ISP mwaka juzi anaweza kwenda. Tulitazamana, tukacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuungua. Tukamwambia jibu ni refu, tutaliandika.

Sisi tuko wanne. Tulisoma Kiingereza pamoja kwenye ISP hapa Lubumbashi, tukapata diploma mwaka mmoja, na tangu siku hizo tuko na likelemba yetu. Kila mwezi tunakusanya, mmoja anapokea. Mwaka 2018 tulipatana jambo ambalo hatukuwahi kulifanya: mtu asipokee. Feza yote iende kwa makaratasi, ili sisi wanne tupate viza ya kufundisha Korea.

Aliyetuletea habari hiyo alikuwa kijana wa maneno matamu, mwenye begi ya ngozi na simu mbili. Alisema shule za kule zinampa mwalimu nyumba na tiketi ya ndege. Na katika hilo hakudanganya, shule nyingi za Korea hufanya hivyo. Fikirini walimu wanaongoja mshahara mpaka mwezi unaofuata uingie, halafu wanasikia neno nyumba. Mmoja wetu alianza siku ileile kuuliza bei ya koti la baridi.

Tukatoa kopi za diploma, tukazipeleka kupigwa kashe, kisha zikatumwa Kinshasa kupigwa kashe nyingine. Tukatafuta karatasi ya kuonyesha kwamba mtu hajahukumiwa wala kufungwa. Kila mara tulipofikiri tumemaliza, kijana alirudi na sentensi ileile: “Wamama, sheria imebadilika.” Karatasi ya mahakama imezeeka, inahitajika mpya. Picha si za kipimo chao. Diploma igeuzwe upya kwa Kiingereza, na mtafsiri mwenye kashe. Ajabu ni kwamba mengi aliyoyasema yalikuwa karibu na ukweli. Karatasi ya polisi kwa viza ile haitakiwi kupita miezi 6. Kwa hiyo hata tulipojaribu kuulizia huku na huku, watu walituambia ndiyo, Wakorea wako wakali kwa makaratasi.

Kisha akaja na habari ya SIDA. Alisema bila kipimo hicho hakuna viza. Siku ile tulikwenda wanne, tukakaa kwenye ubao mmoja tukingoja majina yetu. Mmoja wetu hakuwa amemwambia mume wake, na alikuwa ameisha kupitisha siku tatu bila usingizi. Majibu yalipotoka, yote mazuri, alilia njiani mpaka tukasimamisha taksi. Hakuna aliyetuuliza kama tulitaka kujua. Tulipima juu ya Korea.

Tulikuja kujua baadaye ukweli wake. Korea ilianza kuwadai walimu wageni wa Kiingereza karatasi ya polisi na vipimo vya SIDA na vya madawa ya kulevya mwishoni mwa mwaka 2007. Walimu Wakorea hawakudaiwa. Mwaka 2009 mwalimu mmoja, mwanamke kutoka New Zealand, alikataa kupimwa SIDA mara ya pili, na mkataba wake haukuendelea. Alipeleka neno lake mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ya huko inayoshughulikia ubaguzi wa rangi ilimpa haki. Mwaka 2017 Korea ikaacha kuwadai walimu hao kipimo hicho. Sisi tulikaa kwenye ubao ule mwaka 2018. Tulilipa, tukalia, kwa sheria iliyokuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia.

Lakini hilo silo kubwa. Kubwa tulilijua kwa njia ya mtoto wetu. Dada mkubwa wa mmoja wetu alihamia Canada mwaka 2009 pamoja na binti yake wa miaka 12, wakakaa Winnipeg. Kabla ya kuondoka, binti huyo alikuwa anakuja kwetu kila Jumamosi kujifunza Kiingereza, akalipwa maandazi kila alipotamka vizuri. Tulimwandikia kwa simu, kwa kujisifu kidogo, kwamba mama zake wadogo wanakwenda Korea. Akanyamaza siku nzima. Jioni akatutumia ukurasa mmoja wa masharti ya viza ile, inayoitwa E-2. Mwanzoni kabisa, kabla ya diploma na polisi, yameandikwa majina ya nchi 7: Marekani, Uingereza, Canada, Ireland, Australia, New Zealand, Afrika Kusini. Tukiacha mapatano ya pekee kati ya serikali na serikali, asiye na pasporti ya moja ya nchi hizo hapati viza ya kufundisha Kiingereza, hata akiwa na kashe mia.

Ukurasa huo uliandikwa kwa Kiingereza. Sisi, walimu wa Kiingereza, tulikuwa tumelipa mtu atueleze kwa Kiswahili ukurasa ambao hatukuomba hata siku moja kuuona. Tulimsikiliza kila mwezi akituhesabia yaliyobadilika, hatukuuliza ni lipi halijabadilika. Na hilo la nchi 7 ndilo lililokaa palepale miaka yote ile kama jiwe la msingi.

Dola 1.640. Tunaandika hesabu hiyo sababu wamama wengine wanaona haya kutaja. Kijana alizima simu zote mbili. Waume wawili walijua mara moja, wa tatu alijua Noeli. Wa nne hana mume, ana mama yake, na ule ulikuwa mzigo mkubwa kuliko wa waume wote.

Hatutaficha kwamba tulimkasirikia pia yule binti, ambaye hakuwa na kosa. Na kasi yetu ilirudi mwishoni mwa mwaka 2023, alipotuandikia kwamba sasa yeye ndiye anaomba kwenda Korea, kwa programu ya shule za serikali. Yeye ana pasporti ya Canada. Programu hiyo inataka mtu awe amesoma tangu darasa la 7 katika nchi ya Kiingereza na kukaa humo miaka 10 au zaidi. Yeye aliondoka hapa akimaliza la 6. Kama dada yetu angechelewa kuhama miaka miwili tu, mtoto huyo angekaa upande wetu wa mlango, na Kiingereza chake ni kilekile.

Lakini alihitaji msaada wetu, na hapo hasira ikaisha, maana ukishika kazi ya mtoto huna nafasi ya kununa. Faili lake lilirudishwa kwa sababu ya majina. Mnajua sisi tunaandika jina, postnom na prenom. Kwenye pasporti waliunganisha jina na postnom, kwenye diploma ya chuo kikuu postnom ilitupwa. Kwa mtu wa biro aliye mbali, hao ni watu wawili. Tulifungua sanduku la bati la bibi yake, tukapata cheti cha kuzaliwa chini ya vitenge, kikiwa kimeliwa pembeni na panya lakini majina yote matatu yanasomeka. Tulikipiga picha, akakipeleka kwa notere wa huko akaapa kwamba ni mtu mmoja. (Wamama wenye vichanga: sheria ya jamaa inawapa siku 90 tangu kuzaliwa kuandikisha mtoto bila kulipa. Na mwangalie karani anavyoandika, herufi kwa herufi, hata kama anaonyesha kuchoka nanyi.)

Tena yeye alikutana na badiliko la kweli. Alipoanza, karatasi ya polisi ya Canada na diploma zilipaswa kupita serikalini Ottawa, kisha kwa wakubwa wa Korea walioko huko, kashe juu ya kashe. Tarehe 11 ya mwezi wa kwanza 2024 Canada ikaingia katika mapatano ya La Haye ya mwaka 1961, na tangu siku hiyo kashe moja, apostili, inatosha kwa nchi zote zilizomo. Korea imo tangu 2007. China iliingia mwisho wa 2023. Majirani zetu Burundi na Rwanda nao wamo. Binti akaruka ngazi nzima, karatasi yake ya polisi ikafika ikiwa imebakiza majuma matatu kuzeeka.

Sasa anafundisha watoto wa miaka minane. Alitupigia simu usiku wetu, asubuhi yake, akatuonyesha darasa. Watoto wa kule nao wanasumbuliwa na ile sauti ya ulimi katikati ya meno, kama wetu. Akasema, “Mama wadogo, nawapa biskuti wakitamka vizuri.” Mmoja wetu aliinuka akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Basi, kwa mama aliyeuliza: kwa pasporti ya Congo, kwa viza ile, jibu ni hapana, wala hakuna kiasi cha feza kinacholigeuza. Kama binti yako anataka kufundisha nje, aanze na ukurasa wa masharti wa serikali ya nchi yenyewe, ausome mwenyewe, atafute kwanza neno la pasporti kabla hajapiga kopi hata moja. Ambasade ya Korea iko Kinshasa. Mwenye ndugu huko anaweza kumtuma aulize.

Na tunamwomba aharakishe kumwambia. Siku ya tatu mwalimu mmoja kijana wa shule yetu alitueleza kwamba kuna mtu anampangia kazi ya Kiingereza ng’ambo. Tulimwomba amlete, akaja, si yule wetu, ni mwingine. Tulimuuliza swali moja tu, pasporti gani inatakiwa. Alisema sheria imebadilika hivi karibuni, atarudi Alhamisi na jibu. Alhamisi imepita. Picha nne za yule msichana na dola 60 zake bado ziko kwake.